Nilibadilisha Watu, Nikaacha Mawe

Asubuhi niliyoiacha shule ya misheni sikuwa na mpango wowote. Wenzangu walikuwa wamejipanga mstari wakisubiri kuimba, nami nikapita nyuma ya jiko, nikashika njia ya magharibi kwa sababu moja tu: upande huo jua lingenipiga mgongoni, si machoni. Watu wameniuliza mara nyingi nilikuwa nikikimbia nini. Sikuwa nikikimbia kitu. Nilikuwa nimekaa shuleni miaka mitatu, najua kusoma, kuandika, kujumlisha, na nyimbo kadhaa za Kijerumani ambazo sikuelewa hata neno moja. Na tangu utotoni kila nikiona kilima nilitaka kujua nyuma yake anaishi nani na anakula nini.

Ninyi mnaoshika kalamu sasa mmeniomba niandike jinsi kazi ya kutunga hadithi ilivyokuwa. Nitaandika. Habari za vyeo na malipo nitaziruka. Zilikuwa fupi na hazikumfundisha mtu kitu. Mmeniuliza pia swali ambalo kila anayeanza huuliza: mtunzi aeleze mahali na vitu kwa kiasi gani? Aseme mti tu, au aseme ni mti gani, una matawi mangapi na umeinamia wapi? Mnauliza kama watu wanaouliza chumvi ya mchuzi. Swali hilo linanipandisha hasira hadi leo, na mkisoma mpaka mwisho mtajua kwa nini.

Njiani nilifuatana na magari ya ng'ombe ya Makaburu waliokuwa wakihamia upande wa Meru. Mto Usa niliuvuka nimeshika mkia wa ng'ombe wao, na sikumshukuru mtu, kwa kuwa ng'ombe hakujua na Kaburu hakuona. Arusha ilikuwa boma, maduka machache ya Wahindi, soko, na nyumba za askari na wake zao. Nikapata kazi ya kubeba magunia dukani. Mwenye duka alifungia chumvi kwa magazeti ya zamani ya Kiswahili yaliyochapwa pwani, nami kila nilipomfungia mtu chumvi nilisoma kwanza. Siku moja nilisoma nusu ya hadithi. Nusu nyingine ilikuwa imeshakwenda na chumvi ya mtu. Nikaimalizia mwenyewe kichwani, nikaona mwisho wangu si mbaya. Hivyo ndivyo nilivyoingia kazini.

Vifaa vyangu vilikuwa kalamu moja ya ncha ya chuma, wino uliokuja ukiwa unga na ukachanganywa na maji katika chupa ya dawa, na kasha la sabuni lililopinduliwa. Asubuhi za baridi, mlima unapoteremsha ukungu wake, wino huwa mzito na kalamu hukwaruza. Niliibana chupa kwapani kwanza ipate joto, ndipo nikaandika. Barua kwenda pwani nilimkabidhi tarishi wa Moshi, nimezifunga kwa kitambaa kilichopakwa nta, maana tarishi alivuka mito na mito haisomi anwani.

Hadithi yangu ya kwanza niliisomea watu kwenye kibanda cha Bi Mwanaidi kabla ya kuipeleka. Bi Mwanaidi alikuwa Mmanyema, mke wa askari, muuza uji sokoni. Hakujua kusoma, lakini alikuwa amezunguka nchi nzima nyuma ya jeshi na hadithi alizisikia zote. Yangu ilimhusu mpagazi aliyetoroka msafara kwa sababu ameletewa habari kwamba mama yake yu mahututi. Kabla hajatoroka nikamsimamisha alfajiri autazame mlima. Nilikuwa nimeandika ukurasa mzima wa mlima: mawingu, theluji ya mbali, rangi saba za mbinguni. Nikausoma kwa sauti ya kanisani.

"Ngoja kwanza," Bi Mwanaidi akasema, mwiko mkononi. "Huyu mtu mama yake anakufa?"

"Ndiyo, Bi."

"Na yeye amesimama anahesabu mawingu?"

"Nawaeleza wasikilizaji mlima ulivyokuwa."

"Mlima si ule pale? Wageuke wauone." Wanywa uji wakacheka, mmoja akageuka kweli. "Mwambie aende, mwanangu. Mama wa watu atazikwa na wewe bado uko kwenye mawingu."

Nilikasirika, nikakusanya karatasi zangu. Akanishika kiwiko, akanikalisha, akanipa uji ambao sikuuomba. "Mtu anayekimbilia kwa mama mgonjwa haoni mawingu," alisema, sasa kwa upole. "Anaona mto umejaa au haukujaa. Anaona kiatu kimekatika. Mpe mto. Mpe kiatu. Mawingu waachie wasio na mgonjwa."

Sijapata kusikia fundisho bora kuliko hilo, na nimewasikiliza walimu wengi wenye miwani. Kabla hujaeleza kitu, uliza nani anakitazama na anataka nini saa ile. Mwenye njaa huona moshi wa jikoni kabla ya nyumba. Mwizi huona mlango. Bibi harusi anayeozwa kwa nguvu huiona njia iendayo nyuma ya zizi. Ukieleza kitu ambacho hakuna mtu ndani ya hadithi anayekihitaji, umekitundika ukutani tu. Nilijifunza pia kuwatazama watu nikiwasomea. Akikohoa mmoja, ni kifua. Wakikohoa watatu, ni maelezo yamezidi. Wakianza kutazama ndani ya mabakuli yao, futa ukurasa.

Nikafuta mlima, nikabakiza mto na kiatu. Hadithi ilichapwa.

Mhariri wa gazeti nitamwita Mwalimu Zuberi, jina ambalo si lake. Alikuwa mtu wa pwani, msomi, mwenye mwandiko mzuri kuliko matbaa yake. Miaka yote ile sikumwona uso. Nilimjua kwa barua na kwa wino wake mwekundu. Barua yake ya kwanza ilisema: "Hadithi nzuri, lakini umetutembeza gizani. Msomaji wa Lindi hawezi kugeuka akauona mlima wako. Ongeza."

Hapo alikuwa na haki nusu, na nusu hiyo ndiyo iliyoniponza. Ni kweli: kibandani mlima upo, gazetini haupo. Anayesoma mbali anahitaji kitu cha kushika. Basi nikatafuta njia ya kati. Badala ya ukurasa wa mlima nikawa naandika jambo moja la Arusha ambalo haliwezi kuwa la Lindi: wino unaoganda asubuhi, au wanawake wa Kimeru wakishuka na mikungu ya ndizi mgongoni, kamba ya mzigo imepitishwa kwenye paji la uso. Jambo moja likiwa la kweli, msomaji hujijengea mengine bila kukusumbua. Kwa njia hiyo nilifanya kazi miaka miwili, na sioni haya kwa lolote nililoandika wakati ule.

Nilikuwa sikai mahali pamoja. Kiangazi duka likipungua wateja nilifunga kitambaa changu na kwenda kokote. Kiangazi cha tatu nilizunguka mlima kwa upande wa kaskazini, nikafika Oldonyo Sambu na mguu uliovimba kwa mwiba. Mzee mmoja wa Kiarusha, Lomayani, akanikuta nimekaa njiani, akanitazama mguu, akaniambia kwa Kiswahili chake kidogo: "Wewe huendi. Wewe unalala." Nikalala kwake wiki tatu. Mkewe, Nasieku, aliutoa ule mwiba kwa sindano ya ngozi akinisimanga muda wote kwa Kimaa, na kwa sababu sikuelewa nikamwitikia "ndiyo, yeyo", yaani mama, kila aliponyamaza. Baadaye nilipojifunza lugha kidogo walinieleza nilikuwa nakubali mambo gani, na nyumba nzima ikacheka mpaka ndama wakashtuka.

Mwaka ule mvua zilichelewa. Mifereji ya chini ilikauka, na Makaburu walikuwa wameshachukua sehemu zenye maji karibu na barabara. Lakini ng'ombe wa Lomayani hawakukonda. Mguu wangu ulipopona wakanichukua kwenda kunywesha, na ndipo nilipojua. Ndani ya msitu, juu, palikuwa na chemchemi na uwanda wa majani ambao mtu wa barabarani asingeweza kuudhani. Koo mbili ziliishi kwenye uwanda huo kila kiangazi, tangu kabla ya boma. Hakuna aliyeniambia nisiseme. Wangeniambiaje? Wewe humwambii mtu uliyemtoa mwiba mguuni asikuibie.

Njia yenyewe sitaieleza. Nilishaieleza mara moja.

Niliporudi Arusha nilikuwa na hadithi. Ilikuwa ya ndugu wawili waliogombana kwa ajili ya fahali, na mdogo akawaswaga ng'ombe wote usiku kwenda kuwaficha kwenye maji yasiyojulikana. Ugomvi niliubuni. Ndugu niliwabuni. Nikawapa majina ya mbali, nikabadilisha ukoo, nikabadilisha hata rangi ya fahali ili Lomayani asije akaona nimemwandika yeye. Nilikuwa mwangalifu mno kwa watu. Nikaipeleka.

Wino mwekundu ukarudi. "Anapitia wapi? Msomaji amepotea." Nikaongeza kidogo, nikaipeleka tena. Ikarudi. "Msitu ni msitu wowote. Nionyeshe huu. Anajuaje kwamba amefika? Alama zipi? Mwendo gani? Tembea naye." Mwalimu Zuberi hakuwa amepanda kilima chochote kirefu kuliko ngazi za nyumba yake, lakini kutembea alipenda, kwa miguu ya wengine.

Na mimi nikatembea. Hapa sitamsingizia mtu: niliipenda kazi ile. Nilikaa mbele ya kasha la sabuni nimefumba macho, nikapanda tena hatua kwa hatua, nikahesabu. Vivuko vingapi. Mawe yamekaaje, na lipi limeegemea lipi. Mti gani umepasuliwa na radi na upasuko unatazama upande gani. Pale unapoacha kusikia ndege na kuanza kusikia maji. Nilijiona fundi. Nilijiambia, sasa ndiyo naandika, sasa hata kipofu ataona.

Niliisoma kibandani kwa Bi Mwanaidi. Safari hii hakuna aliyekohoa. Walipotawanyika yeye akabaki ameshika bakuli tupu.

"Mahali hapo papo?" akauliza.

"Ni hadithi tu, Bi."

"Sijakuuliza kama ni hadithi."

"Ugomvi nimeubuni. Watu nimewabuni."

"Na mawe?"

Nikacheka. "Bi, nani atajali mawe?"

"Mimi nimetembea na jeshi," akasema. "Nimewasikia watu wakiulizwa njia. Hadithi haihesabu mawe, mwanangu. Anayehesabu mawe ni anayetaka kurudi." Akaanza kuosha mabakuli yake, nami nikaenda kumtafuta tarishi. Nilifikiri: mwanamke huyu hajui kusoma, atajua nini habari za kuandika? Ndivyo nilivyofikiri. Naliandika hapa ili nanyi mkiona wazo kama hilo linawajia mlijue uso.

Hadithi ikachapwa, ukurasa wa mbele na wa pili. Zikapita mvua. Siku moja nikiwa dukani akaja karani nadhifu, kijana wa misheni kama mimi, ila yeye alimaliza. Aliitwa Elia. Alikuwa karani wa Mzungu mpima ardhi. Akanivuta kando kama mtu anayetaka kukopa, kumbe alitaka kunisifu.

"Wewe ndiye uliyeandika ile ya ndugu wawili?"

"Ndiye."

"Kaka! Nipe mkono." Akaushika, hakuuachia. "Mimi nasoma hadithi nyingi. Watunzi wanasema 'akaenda, akafika', basi. Wewe! Nimekuwa nikiifuata kama mtu anayefuata barabara. Vivuko, sawasawa. Yale mawe, sawasawa. Ule mti, nilipouona nusura nipige kelele."

"Uliuona wapi?"

"Si kule kule ulikouweka! Bwana mpima alikuwa akimtafutia Kaburu mmoja shamba lenye maji, tumehangaika miezi. Mimi nikamwambia, bwana, hebu nikusomee kitu." Akatoa mfukoni gazeti lililokunjwa, limechakaa mikunjoni. Pembeni mwa maneno yangu palikuwa na alama za penseli, na vihesabu vya Kizungu.

Sasa nawaambia jambo ambalo sijamwambia mtu. Kabla sijaelewa, nilifurahi. Kwa muda ambao mtu anaweza kunywa kikombe kimoja cha kahawa nilisimama pale mkono wangu ukiwa ndani ya mkono wake na nikafurahi kwamba nimeandika vizuri. Elia alikuwa msomaji bora kuliko wote niliopata. Kisha akasema, "Vigingi tumeshapanda," na nikautoa mkono.

Nilifika Oldonyo Sambu siku ya pili jioni. Palikuwa na vigingi vya chuma, na njia ya juu imefungwa kwa miiba iliyokatwa, na vibarua wawili wa Kaburu wamekaa hapo na bunduki moja. Chini yake, kwenye vumbi, walikuwa watu wa zile koo mbili na ng'ombe wao, wamesimama tu. Ng'ombe waliijua njia. Walikuwa wakisukuma mbele na watu wakiwarudisha kwa fimbo. Ng'ombe mwenye kiu akirudishwa kwenye njia ya maji hutoa sauti ambayo sitaieleza. Siyo kwa sababu ya kanuni. Sitaki.

Nasieku aliniona kwanza. "Takwenya, yeyo," nikamsalimu. Hakuniitikia kwa "iko" yake.

"Mpima alikuja na karatasi," alisema. "Karani wake anaisoma, anatembea. Anaisoma, anatembea. Hakumuuliza mtu njia. Tukadhani ni uchawi. Mwanangu mmoja akamuuliza, ni karatasi gani hiyo? Akasema ni hadithi. Hadithi ya nani? Akasema ya mtu wa Arusha mjini. Sisi wa huko tunamjua mmoja tu, aliyekaa kwetu akiumwa mguu."

Nikaanza kusema kwamba nilibadilisha majina. Nilisema hivyo, kweli, mbele ya ng'ombe wale. Nilisema kwamba ukoo niliubadilisha na fahali nilimbadilisha.

"Na sisi tunakunywa majina?" Nasieku akauliza.

Lomayani alikuwa amesimama ameegemea fimbo yake, mguu mmoja umekunjwa, akitazama juu. Hakunigeukia. Nilimwita mara mbili. Mara ya pili akasema kitu kwa wanawe, wakaanza kuwageuza ng'ombe kuelekea uwanda wa chini, na yeye akawafuata. Nilisikia baadaye kwamba kiangazi hicho alipoteza zaidi ya nusu ya ng'ombe, na waliobaki akawahamisha mbali. Mbali wapi, hakuna aliyeniambia, na nilijua kwa nini hawakuniambia.

Nilikwenda bomani. Nilisimama mlangoni siku tatu na barua niliyoiandika kwa mwandiko wangu bora, nikieleza kwamba koo mbili ziliishi mahali hapo tangu zamani. Siku ya tatu karani wa boma alitoka akaniambia: "Bwana mkubwa anasema kwenye hadithi yako mwenyewe umeandika kuwa maji hayo hayajulikani na mtu." Nilikuwa nimeandika hivyo. Ndugu mdogo anawaficha ng'ombe kwenye maji yasiyojulikana na mtu. Maneno hayo niliyaweka kwa ajili ya uzuri.

Nikamwandikia Mwalimu Zuberi. Nilimweleza yote, nikamwambia achape barua yangu, aseme mahali pale pana wenyewe. Jibu lilikuja baada ya mwezi, wino mwekundu: "Nasikitika kusikia hayo. Gazeti halijiingizi katika mambo ya ardhi. Wasomaji wameipenda mno hadithi hii. Wengi wanaomba nyingine ya namna hiyo. Safari hii jaribu pango." Barua hiyo niliichoma chini ya sufuria ya Bi Mwanaidi. Yeye hakuniambia kwamba alinionya. Ningependa angeniambia, ningepata mtu mwingine wa kumkasirikia.

Mtauliza kwa nini sikuacha kazi. Nami nauliza. Nilikuwa sijui kazi nyingine ila magunia, na hasira ikikosa kazi humla mwenyewe. Nikabaki na kalamu, nikaandika miaka mingi baadaye, na nikawa pia nasomea gazeti hadithi za wengine waliokuwa bara. Hapo ndipo mlipoanza kunijua, na mkanichukia, kwa sababu nilikuwa nakata. Mwalimu mmoja wa shule alileta hadithi ya mtoro aliyekimbia kazi ya shuruti ya reli, akajificha kwa shangazi yake. Ilikuwa nzuri. Shangazi alikuwa na nyumba yenye mlango uliotiwa viraka vya bati, karibu na kisima, mtaa wa tatu. Nikafuta mlango, kisima na mtaa. Akaniandikia kwamba nimemvua nguo shangazi yake. Nikamjibu: "Shangazi yupo?" Hakujibu tena. Basi alikuwapo.

Hicho ndicho kiasi mlichoniuliza. Mwandike mnuko wa jiko la shangazi, mikono yake, namna anavyomkaripia mtoro huku akimpakulia. Hayo yaandikeni hata kurasa tatu, hakuna askari atakayeyafuata mpaka mlangoni. Msomaji wa Lindi atamwona shangazi vizuri zaidi kuliko angeona bati. Mlango wake uacheni. Wakubwa wa magazeti watawaambia msomaji amepotea. Apotee. Wako watu wanaoishi kwa sababu msomaji amepotea. Na mkinijibu kwamba hadithi ni hadithi, si ramani, nitawajibu kwamba mimi nimeiona ramani iliyotokana nayo, na penseli yake, na yule aliyekuwa akiifuata alikuwa akitabasamu.

Vita ilipokuja karatasi ikaisha pwani, gazeti likafa, na kazi yangu ikafa nalo. Sikuagwa na mtu ila Bi Mwanaidi, ambaye mumewe alikuwa ameshapelekwa mpakani. Alinipa unga wa safari na kuniuliza naenda wapi. Nikasema sijui. Kwa mara ya kwanza nilikuwa namdanganya. Niliwahi kusikia sokoni jina la mahali ambapo watu wa Lomayani walionekana, na nilikuwa nimelibeba miaka miwili bila kuwa na moyo wa kwenda.

Nilitembea siku kadhaa. Nilifika jua likiwa bado juu. Kwenye lango la miiba alikuwa Nasieku, amepungua mwili, akitunga ushanga. Akanitazama mguu kwanza, kisha uso.

"Umekuja kuandika?"

"Nimekuja kuomba mahali pa kulala, yeyo."

"Arusha hakuna nyumba?"

"Zipo."

Akamwita mumewe. Lomayani alikuwa amezeeka ghafla, jicho moja limefumba. Walinikalisha nje. Nilikuwa nimetunga maneno njia nzima, na mimi ni mtu wa maneno, lakini kilichotoka ni kwamba niliwakosea na kwamba sina cha kulipa.

Lomayani alichokonoa udongo kwa ncha ya fimbo yake. Kisha akasema kwa Kimaa, polepole, ili nisikose neno: "Ungekuwa mwizi, ningejua la kufanya. Ungekuwa adui, pia ningejua. Wewe ulikula kwangu, ukaenda ukasimulia. Kwa mtu kama huyo wazee hawakutuachia adhabu. Nimeitafuta. Hawakutuachia."

"Basi nifukuze."

"Mtu aliyeomba kulala hafukuzwi. Hilo walituachia." Akainuka kwa shida, akaenda kwa ng'ombe wake. Walikuwa wachache. Niliwahesabu kwa mazoea, kisha nikajilazimisha kuisahau hesabu.

Nasieku alinitazama. Akaingia ndani, akatoka na kibuyu cha maji, akakiweka chini, karibu na mimi lakini si mkononi mwangu.

"Maji utaletewa," akasema. "Asubuhi na jioni. Watoto wakienda kuteka usiwafuate."

"Sitawafuata, yeyo."

"Hata ukiwa na kiu."

"Hata nikiwa na kiu."

"Hata wakichelewa."

"Hata wakichelewa."

Nilionyeshwa pa kulala. Palikuwa na ngozi ya kulalia na moto. Nyumba ilikuwa ya ngapi kutoka langoni, lango lilitazama upande gani, ni mwendo wa siku ngapi kutoka Arusha na nilivuka nini kufika: hayo yote ninayajua vizuri sana, na ninyi hamtayajua.